Matini Tupu na Uhai wa Maandishi ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mihadhara ya namna hii imezoea kushughulikia fasihi, isimu au historia ya lugha yetu. Leo naomba ruhusa ya kushuka ngazi moja chini ya hizo zote, hadi kwenye kitu ambacho fasihi, isimu na historia hutegemea, nacho ni namna tunavyoyahifadhi maandishi yenyewe ndani ya kompyuta. Hoja yangu ni moja. Mtaalamu wa Kiswahili anayeandika, anayekusanya na anayehariri hana budi kuiweka kazi yake ya msingi katika matini tupu, na mapambo ya chapa yaje baadaye. Asipofanya hivyo, atakuwa amekabidhi urithi wa lugha mikononi mwa programu ambazo huenda zikatoweka kabla yake.

2.0 Matini tupu ni nini?

Kwa matini tupu nakusudia faili ambalo ndani yake hamna kitu ila herufi, nafasi na alama za uandishi, zikifuatana kama zilivyoandikwa. Hamna siri ya ukubwa wa herufi, wala rangi, wala pambizo. Programu ya kuhariri faili la namna hiyo huitwa kihariri. Vihariri ni vya zamani na vingi hupatikana bure. Emacs na vi vilianza mwaka 1976. Vim, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, ina uhusiano na eneo letu hili. Hadi alipofariki mwaka 2023, Moolenaar aliwaomba watumiaji wa programu yake wachangie malezi ya watoto wa Kibaale nchini Uganda, na ombi hilo liliwekwa ndani ya programu yenyewe.

Faili la aina hii husomeka kwa sababu kila herufi ina nambari yake katika jedwali linalokubaliwa na wote. Jedwali la ASCII lilitolewa Marekani mwaka 1963 na kukamilishwa kwa herufi ndogo mwaka 1967. Lina nafasi 128 tu. Lugha nyingi za dunia hazikutoshea humo. Kifaransa kilikosa viashiria vyake, na Kiarabu kilikosa kila kitu. Kiswahili cha hati za Kirumi kilitoshea chote, kwa kuwa hakihitaji alama juu ya irabu, nacho huziacha hata q na x. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walipobuni UTF-8, mfumo unaobeba herufi za Unicode za lugha zote, waliuunda kwa namna ambayo kila faili la ASCII lingebaki sahihi bila kubadilishwa. Kwa hiyo sentensi ya Kiswahili iliyohifadhiwa kwa ASCII miaka ya 1970 husomeka leo neno kwa neno. Ni lugha chache zilizojaliwa bahati hiyo, nasi hatujaitumia ipasavyo.

3.0 Hasara iliyokwisha kutupata

Mfano wa kwanza unatoka katika programu ya WordStar, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978 na kutumika sana katika ofisi za miaka ya 1980. Katika matoleo yake ya mwanzo, ili iweze kupanga mistari vizuri, programu hiyo iliitia herufi ya mwisho ya kila neno alama ya siri iliyobadili nambari yake. Faili hilo likifunguliwa na programu nyingine inayotumia jedwali la herufi za Ulaya ya Magharibi, herufi za mwisho huharibika. Sasa tujiulize: maneno ya Kiswahili huishia na nini? Takriban yote huishia na irabu. Hivyo maneno “kitabu cha mtoto” hujitokeza kama “kitabõ chá mtotï”. Kitu kilichoharibika ni kiungo ambacho lugha yetu hukitumia kumalizia karibu kila neno, na katika ushairi ndicho kinachobeba vina.

Mfano wa pili ni wa leo, nao umo katika kompyuta za wengi waliomo ukumbini humu. Sauti ya ng'ombe, ng'ambo na ng'ara huandikwa kwa alama ya ritifaa. Kwenye kibodi alama hiyo ni moja, yenye nambari 39 katika ASCII. Programu za kuchapia nyaraka, kwa kutaka kupendeza, huibadili kimyakimya kuwa alama ya kufunga nukuu iliyopinda, na wakati mwingine kuwa ile ya kufungua. Kwa jicho la msomaji tofauti ni ndogo, lakini kwa kompyuta hayo ni maneno tofauti. Mtafiti akilitafuta neno “ng'oa” katika mkusanyiko wa matini, huenda akapata sehemu tu ya matumizi yake, kisha akatangaza kwamba neno hilo ni adimu. Zipo programu zinazolikata neno kwenye ritifaa, zikahesabu “ng” peke yake na “oa” peke yake, na hapo kitenzi cha kung'oa kikageuka kuwa kitenzi cha kuoa. Wengine huiondoa alama kabisa, nasi twajua kwamba ngoa ni neno jingine lenye maana ya wivu au tamaa. Takwimu za kamusi zikijengwa juu ya msingi kama huo, kosa halitaonekana, kwa kuwa halina umbo la kosa.

4.0 Faida kwa mtafiti wa Kiswahili

Matini tupu ina faida nyingine mbali na kudumu. Hukubali kuhojiwa. Tangu mwaka 1973 pamekuwapo programu ndogo iitwayo grep, ambayo hupokea ruwaza ya herufi na kutoa kila mstari unaoafikiana nayo. Kwa lugha ambayo mzizi wa kitenzi hufichwa katikati ya viambishi, chombo hiki kina thamani ya pekee. Kamusi hutuelekeza kwenye soma, ilhali katika maandishi tunakutana na hawajasoma, aliyemsomesha, yasomekayo na msomaji. Ruwaza moja yenye “som” na ruhusa ya herufi zozote kabla na baada yake huyaleta yote pamoja. Italeta pia Kisomali, na hapo mtafiti ataibana ruwaza yake. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kazi ya uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta iliyokuja kujulikana kwa jina la SALAMA. Kazi kubwa kama hiyo nayo huanzia palepale, kwenye herufi zilizopangwa bila pambo.

Tuchukue mfano kutoka ushairi. Utenzi wa kawaida una mizani nane katika kila kipande. Kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu, programu ya mistari michache huweza kuhesabu irabu na kutuonyesha vipande vyenye upungufu au ziada. Itajikwaa kwenye mtu na nchi, maneno yenye irabu moja na mizani mbili, lakini kanuni ya m na n inayosimama kama silabi inafundishika. Kuna mahali ambapo haifundishiki kwa urahisi. Katika “mtu mbaya”, neno mbaya lina mizani tatu, na katika “nyumba mbaya” lina mbili, ingawa herufi ni zilezile. Hapo ndipo mhariri anapohitajika. Akiamua, aandike nukta baada ya m katika nakala yake ya kazi, na uamuzi wake utaonekana na kila atakayeifungua. Atakayepinga ataiondoa nukta hiyo na kutoa sababu.

Vivyo hivyo kwa uhariri wa miswada. Utenzi wa Al-Inkishafi umepata matoleo zaidi ya moja, likiwemo lile la William Hichens la mwaka 1939. Matoleo mawili yakiandikwa katika matini tupu, kipande kimoja kwa kila mstari, programu ya kulinganisha hutaja kila mahali yanapotofautiana. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya waandishi wa msimbo, huhifadhi historia ya kila badiliko, yaani nani alibadili, lini, na kwa maelezo gani. Wanazuoni wetu waliokuwa wakiandika pambizoni mwa miswada wangekitambua chombo hicho mara moja.

5.0 Uchapishaji

Yapo malalamiko kwamba matini tupu haipendezi. Jibu ni kwamba kupendeza ni kazi ya hatua ya mwisho. Donald Knuth alitoa TeX mwaka 1978, na hadi leo vitabu vya hisabati hupangwa kutokana na faili za matini tupu zenye maelekezo machache. Kwa wasiohitaji mengi, John Gruber alitoa Markdown mwaka 2004, ambayo hutumia alama ya reli kwa kichwa cha habari na kinyota kwa maneno ya mlazo. Faili moja huzaa kitabu cha karatasi, ukurasa wa intaneti na nakala ya kusomea kwenye simu. Kosa likisahihishwa mahali pamoja, linasahihika kote.

6.0 Mipaka

Sidai kwamba njia hii inatosha kwa kila kitu. Muswada wa Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hakuna faili la herufi litakalochukua nafasi ya picha ya karatasi yenyewe, pamoja na wino na mkono wa mwandishi. Herufi za Kiarabu, zikiwemo zile za nyongeza kwa ajili ya p, ch na v, zimo katika Unicode, lakini kuchanganya hati mbili zinazokwenda pande tofauti katika mstari mmoja bado husumbua vihariri vingi. Hilo lahitaji subira na picha bora.

7.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tasnifu ya Kiswahili iambatane na data zake katika matini tupu ya UTF-8, pamoja na faili fupi linaloeleza alama zilizotumika. Kitabu cha kurasa 300 hakizidi sana kilobaiti 600, kwa hiyo kisingizio cha nafasi hakipo. Pili, idara zetu zikubaliane juu ya ritifaa moja ya ng' katika data zote. Tatu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afundishwe kihariri na ruwaza za kutafutia, kama anavyofundishwa kutumia kamusi.

Mwalimu anapostaafu, huacha kabati la karatasi na diski. Karatasi wajukuu wake wataweza kuzisoma. Kama wataweza kuzisoma diski pia, hilo linategemea uamuzi tunaoufanya sasa, tungali tuna nafasi ya kuufanya.