Kobe Wekundu wa Shambani



Mahesabu yatasomwa na mweka hazina. Sisi tuna habari ya mkopo mmoja uliotuuma. Mahindi yetu hapa Naliendele yalijaa vidukari kwenye mbelewele. Tukaona na wadudu wengine, warefu, weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, wabaya wa sura hasa! Tukakopa, tukanunua dawa, tukapuliza wote. Vidukari wakarudi wengi zaidi, maana jike lao huzaa hata bila dume. Deni likabaki.

Kumbe wale wabaya wa sura ni watoto wa kile kidudu cha mviringo, chekundu chenye mabaka meusi, sisi twamwita kobe mwekundu. Mama na mtoto wote hula vidukari, hula na mayai ya viwavijeshi vamizi walioripotiwa Tanzania mwaka 2017. Tuliua walinzi wetu kwa fedha ya kukopa.

Ila kobe hawafanani. Asiyeng'aa, mwenye vinyweleo, hutafuna majani ya maboga. Na yuko mgeni wa asili ya Asia, aliyeonekana Afrika Kusini mwaka 2001: vidukari anakula kweli, lakini hula na watoto wa kobe wenyeji.

Siku hizi mwenzetu akiomba mkopo wa dawa, wawili wetu huenda naye shambani kwanza kugeuza majani. Wengine hununa, lakini twaenda.