Mshale wa Mafuta si Shahidi wa Kutosha

(Mazungumzo na madereva na wanakamati wa magari ya miradi)

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kilicho mbele ya macho ya kila dereva, ambacho kiliharibu jina la mtu hapa kwetu. Nasema juu ya mshale wa mafuta.

Wengi wenu mnakumbuka mambo ya gari la zahanati. Jioni dereva alifika getini, mshale uko nusu, mlinzi akaandika. Asubuhi katibu akawasha gari, akaona robo. Kamati ikakaa. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kikao kile, na sikusema neno la kumtetea. Tukamwuliza, "Bwana dereva, mafuta yameenda wapi?" Akajibu, "Mimi sijui. Sijagusa." Hatukumwamini. Tukamsimamisha kazi.

Baada ya wiki tatu jambo lile lile likampata dereva wa pili. Naye alikuwa ameegesha pale pale, kwenye mteremko kando ya jiko, na funguo zililala kwa mhasibu. Fundi akaitwa. Akasema, "Hebu tulipeleke uwanjani, mahali tambarare." Tukangoja kidogo, na mshale ukapanda polepole mpaka nusu. Kumbe hakuna aliyeiba! Tulimwita yule mzee, tukamwomba msamaha mbele ya watu na kumlipa mshahara wake. Lakini jina likishachafuliwa, kulisafisha si kazi ya siku moja.

Mshale unajuaje?

Ndani ya tangi la mafuta kuna boya, mfano wa lile la tangi la maji. Boya limeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakipungua, boya linashuka na mkono unasogea juu ya kipande kinachopunguza au kuongeza nguvu ya umeme. Umeme huo ndio unaosogeza mshale. Kwa hivyo mshale hauhesabu lita. Unatuambia tu boya liko wapi. Hapo ndipo makosa yanapoingia.

Kwanza, mteremko. Gari likiinama, mafuta yanakimbilia upande mmoja, na boya linaweza kupanda au kushuka. Ukipanda ile barabara ya kutoka Mai Mahiu, usishangae mshale ukibadilika bila sababu.

Pili, umbo la tangi. Matangi mengi hayako sawa kama sanduku. Tena, tangi likijaa kabisa, boya hugonga juu na kubaki hapo kwa muda ingawa mafuta yanaendelea kupungua. Ndiyo maana madereva husema nusu ya kwanza inakaa, na nusu ya pili inakimbia.

Tatu, uchakavu. Boya likitoboka linazama, na mshale unasema hakuna kitu. Mkono ukikwama juu, mshale unasema tangi limejaa hata likiwa kavu. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana linamdanganya dereva anayebeba mgonjwa usiku.

Nne, kipimo cha gari lingine. Gari likiharibika, tunanunua kipimo kuukuu cha aina nyingine kwa sababu ni rahisi. Jamani, tuangalie! Mwaka wa 2005, tarehe 6 Agosti, ndege ya kampuni ya Tuninter, aina ya ATR 72, ilitoka Bari, Italia, kwenda Djerba, Tunisia. Ilikuwa imewekewa kipimo cha mafuta cha ATR 42, ndege iliyo ndogo kuliko hiyo. Kipimo kilionyesha mafuta yapo, kumbe ni kidogo sana. Injini zote mbili zikazima, ndege ikaanguka baharini karibu na Palermo. Watu 16 kati ya 39 wakafa. Kipimo hicho hakikuwa kibovu. Kilikuwa cha tangi lingine.

Tufanye nini basi?

Tuweke daftari ndani ya kila gari. Jaza tangi mpaka juu, uandike kilomita. Tuseme ni 48,200. Tembea. Siku ya kujaza tena mpaka juu, andika kilomita na lita zilizoingia. Ukikuta 48,620 na zimeingia lita 42, umetembea kilomita 420, yaani kilomita 10 kwa lita moja. Fanya hivyo mara tatu au nne, nawe utalijua gari lako. Kama tangi ni la lita 60, na umetembea kilomita 300 tangu lijae, zimebaki kama lita 30, hata mshale useme nini. Lakini kumbuka, matope, mzigo na milima hula mafuta zaidi.

Soma mshale gari likiwa tambarare, na ungoje kidogo, kwa sababu mishale mingi imetengenezwa isogee polepole ili isirukeruke barabarani. Ukifika robo, jaza. Usingoje taa. Dizeli ikiisha, hewa huingia kwenye mipira na mara nyingi itabidi kuitoa kwa mkono kabla injini haijawaka. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi, pampu imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Ukiikausha mara kwa mara, unaiua.

Na tafadhali, mtu asichungulie tangi kwa kiberiti au taa ya moto, wala asinyonye mafuta kwa mdomo.

Kwenu wanakamati, nasema hivi: wizi wa mafuta upo, sikatai. Lakini daftari la miezi miwili litamwonyesha mwizi waziwazi, na litamtetea mwaminifu. Mshale wa asubuhi moja hauwezi kufanya lolote kati ya hayo. Tusimhukumu mtu kwa boya lililoinama.

Yule mzee bado anatuendeshea gari la zahanati. Daftari la kwanza alilianzisha yeye.