Askari Aliyejitwika Kosa

Ikiwa Biblia yako i karibu, fungua Waraka kwa Warumi, sura ya 5, mstari wa 6 hadi wa 8. Unapotafuta, nitakusimulia habari za askari mmoja wa Italia.

Ninyi mliosafiri kutoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini mmeliona lile kanisa dogo karibu na Mai Mahiu. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitalia waliokuwa mateka wa vita. Wazee wetu waliotumika katika K.A.R. walipigana na Waitalia huko Uhabeshi, na wengi wao waliwajua kama adui tu. Askari wa habari yetu ni wa taifa hilo hilo, ila kisa chake kilitokea kwao nyumbani, mwaka 1943.

Jina lake Salvo D'Acquisto, mzaliwa wa Naples. Alikuwa katika kikosi cha Carabinieri, yaani askari wa jeshi wafanyao kazi ya polisi, na cheo chake kilikuwa kama cha sajini. Alikwisha kupigana Libya, akajeruhiwa huko. Septemba 1943 alikuwa katika kituo kidogo cha Torrimpietra, karibu na Roma. Mkuu wa kituo hakuwapo, hivyo mzigo wote ulikuwa wake.

Tarehe 8 mwezi huo ilitangazwa kwamba Italia imeacha vita. Wajerumani, waliokuwa rafiki zao jana, wakawa watawala wao leo. Askari wengi wa Italia walivua sare wakaenda makwao. Sidhani kama kuna ambaye angemlaumu sana Salvo kwa kufanya vivyo hivyo. Yeye alibaki kituoni.

Tarehe 22 askari wa Kijerumani walikuwa wakipekua masanduku ya baruti karibu na mnara wa Palidoro, ufuoni mwa bahari. Baruti ikalipuka, ikaua na kujeruhi. Wakubwa wao wakasema ni hila ya wenyeji. Kesho yake wakakamata raia 22 wasiojua lolote, na Salvo naye wakamchukua. Akajaribu kuwaeleza kwamba ile ilikuwa ajali. Hawakutaka kusikia. Mateka wakaamriwa wachimbe shimo, na kila mmoja alijua shimo lile ni la nani.

Hapo ndipo Salvo aliposema kwamba kosa ni lake, lake peke yake. Wale 22 wakafunguliwa, wakakimbia. Yeye akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 22, hesabu ile ile ya watu aliowaponya.

Mwaka 1945 nchi yake ilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa wa kijeshi, ambayo katika jeshi la Italia hakuna iliyo juu yake. Tumezoea kusikia nishani kama hizo zikipewa walioteka mizinga ya adui. Hii ilipewa mtu ambaye siku ile hakupiga risasi hata moja, na ambaye hakupata kuivaa. Mwaka 2025 Kanisa la Roma nalo likamtangaza kuwa mtu wa kuheshimiwa kwa ajili ya kuutoa uhai wake. Sisi Waanglikana hatuwaombi wafu, lakini kumshukuru Mungu kwa ajili yao hatukukatazwa.

Labda mmoja wenu anauliza: Je, mchungaji, huyu si alisema uongo? Tulipokuwa chuo cha theolojia tulibishana hadi taa zikazimwa juu ya Rahabu na wale wakunga wa Misri, nami nilikuwa upande wa wakali. Siku hizi, nikimfikiria Salvo amesimama kando ya lile shimo, sina hamu tena ya mjadala ule.

Ndugu mmoja wa kanisa letu ni askari polisi. Aliniambia kwamba akija ibadani moja kwa moja kutoka zamu, na sare mwilini, benchi analokalia hubaki wazi. Watu husogea. Nilimsimulia kisa hiki. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama wale 22 walirudi kumzika. Swali hilo sikulitazamia.

Sasa turudi kwa Paulo. Yeye asema ni vigumu mtu kufa kwa ajili ya mwenye haki, ingawa huenda akapatikana mmoja wa kuthubutu kufa kwa ajili ya mtu mwema. Salvo alithubutu, na wale aliowafia hawakuwa na hatia ya baruti ile. Kutolewa shimoni ilikuwa haki yao. Lakini Paulo haishii hapo. Mimi nawe, ndugu yangu, si wale 22. Sisi ni Baraba. Shimo lile tulilichimba wenyewe, na hati ya mashtaka yetu haina hata neno moja la uongo. Naye Kristo, akijua hivyo, alisimama mahali petu.

Na tuombe.

Bwana Yesu, ulitufia tukiwa na hatia. Wakumbuke askari wetu walio zamu asubuhi hii, na yule ndugu ambaye benchi lake hubaki wazi. Jumapili hii mpe mtu wa kuketi naye. Amina.