Sarafu Tano za Kilwa na Mwalimu Mbele ya Intaneti



Hadithi yenyewe ni tamu, na ndiyo maana imeenea. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, alikuwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, akifanya kazi katika kituo cha rada. Siku moja akiwa ufukoni anavua samaki, aliona sarafu mchangani. Aliziokota, akazitia katika kopo, na kwa miaka mingi hakuzishughulikia tena. Mwaka 1979 ndipo alipozitoa zichunguzwe. Zilikuwa tisa. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi iliyokuwa ikifanya biashara katika nchi za Mashariki. Tano zilikuwa za shaba, ndogo, zenye maandishi ya Kiarabu, na wataalamu walizitambua kuwa ni sarafu za masultani wa Kilwa.

Ni Kilwa hii hii ya mkoa wa Lindi, iliyo mbali na visiwa hivyo kwa kiasi cha kilometa 10,000 za maji.

Mwaka 2013, msafara ulioongozwa na mtaalamu Ian McIntosh ulipokwenda kuchunguza mahali hapo, magazeti ya dunia yalishika habari hii kwa mikono miwili. Kutoka magazetini ikaingia katika makala za intaneti, na kutoka humo ikaingia katika simu za walimu. Kila ilipopita iliongezewa chumvi kidogo. Kwanza sarafu hizo “huenda zikabadili historia ya Australia”. Kisha zikawa zimekwisha kuibadili. Mwishowe ikaandikwa bila kusita kwamba mabaharia wa Kilwa waliigundua Australia miaka mia nyingi kabla ya James Cook. Katika makala moja sarafu zina umri wa miaka 900, katika nyingine zimefikia 1,000.

Hebu fikirieni mwalimu wa historia aliyeisoma makala ya namna hiyo usiku, akaifundisha asubuhi yake. Nia yake ni njema kabisa. Kizazi cha wazazi wake kilifundishwa katika shule za wakoloni kwamba Afrika haikuwa na historia mpaka mgeni alipokuja kuiandika. Leo amepata jambo la kumwonyesha mtoto wa Kilwa kwamba babu zake walivuka bahari kubwa. Nani atamlaumu? Lakini mtoto atakua, na atakutana na mtu atakayemwuliza swali moja tu: “Sarafu hizo zilifikaje huko?” Asipokuwa na jibu ataona haya, na pengine ataanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli aliyofundishwa kuhusu Kilwa. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo mazungumzo haya yanapopahusu.

Swali hilo lina majibu mengi. La kwanza kutazamwa ni zile sarafu nne za Kiholanzi, ambazo makala nyingi huzitaja mara moja na kuzipita haraka, kama mtu apitaye nyumba ya mdai wake. Sarafu hizo zina tarehe, na tarehe zenyewe zinaanzia 1690 na kufikia miaka ya 1780. Ikiwa sarafu zote tisa zilianguka mahali pamoja kwa wakati mmoja, basi hazikuanguka kabla ya mwisho wa karne ya 18, wakati ambapo dola ya kale ya Kilwa ilikuwa imekwisha anguka zamani. Ikiwa hazikuanguka pamoja, hakuna awezaye kulithibitisha hilo, kwa sababu hazikuchimbuliwa katika tabaka za udongo. Ziliokotwa juu ya mchanga.

La pili ni umri. Sarafu za shaba za Kilwa kwa kawaida hazikuandikwa mwaka. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu yenye vina vinavyolandana na jina hilo. Umri wake hukisiwa kwa kumfahamu sultani mwenyewe, na wataalamu wamebishana juu ya masultani hao tangu John Walker alipoandika juu ya sarafu za Kilwa mwaka 1936. Lakini hata umri wa sarafu ukijulikana, umri wa safari yake haujajulikana. Katika magofu ya Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, uchunguzi ulioanza mwaka 2009 chini ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ulifukua akiba ya sarafu za Kilwa zaidi ya 300 zilizokuwa pamoja. Zilikuwa na majina ya masultani mbalimbali, na mji wenyewe ulikaliwa kuanzia mwisho wa karne ya 14. Maana yake ni kwamba fedha ya sultani aliyekufa zamani iliendelea kupita mikononi mwa watu. Sarafu ya kale inaweza kusafiri katika mfuko wa mtu wa zama za baadaye.

Na wasafiri hawakukosekana. Wareno waliishambulia na kuiteka Kilwa mwaka 1505, na mwaka 1511 wakaiteka Malaka. Wavuvi wa Makassar, kutoka kisiwa cha Sulawesi, walikuwa wakienda kila mwaka kwa pepo za msimu hadi pwani ya kaskazini ya Australia kuvua majongoo ya bahari, mpaka walipozuiwa mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa mwambao wanaoijua kaskazi na kusi hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kati ya Kilwa na Wessel palikuwa na mikono mingi ya kupokezana, na hakuna makala iliyoweza kusema ni mkono gani ulioziangusha sarafu hizo. Msafara wa 2013 haukupata sarafu nyingine ya Kilwa. Mwaka 2018 ilipatikana moja inayofanana nazo katika kisiwa cha Elcho, kusini ya hapo, na utambulisho wake haujaafikiwa.

Kuna kasoro nyingine katika habari hii, nayo ni kubwa kuliko ya tarehe. Neno lenyewe “kuigundua Australia” ni neno la kikoloni. Wenyeji wa nchi hiyo, wakiwamo Wayolngu wa sehemu hizo za kaskazini, wameishi huko kwa zaidi ya miaka 50,000. Walimu wa Tanzania walikwisha kupigana vita hivi nyumbani kwao. Walikataa kuwafundisha watoto kwamba Johannes Rebmann aliugundua mlima Kilimanjaro mwaka 1848, hali Wachaga walikuwa wakilima migomba miteremkoni mwake. Haitakuwa haki kumvua Rebmann kofia ile, kisha kumvika baharia wa Kilwa kofia hiyo hiyo kwa ajili ya nchi ya watu wengine.

Je, mwalimu aifunge simu yake? La, hasha. Hapo zamani mwalimu wa Kilwa Masoko au Kasulu aliyetaka kwenda zaidi ya kitabu cha kiada alihitaji nauli ya kufika Dar es Salaam, barua ya kumtambulisha maktabani, na subira. Leo intaneti ile ile inayomletea makala yenye chumvi inaweza pia kumfikisha kwenye chimbuko la habari. Tatizo ni kwamba makala huja yenyewe, na chimbuko halina budi kufuatwa.

Chukueni mfano wa Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu. Karibu kila makala juu ya Kilwa husema kwamba msafiri huyu aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri kupita yote. Ni kweli alisema hivyo. Lakini atakayekifungua kitabu chake, ambacho tafsiri yake ya Kifaransa ya miaka ya 1850 inasomwa bure katika maktaba za intaneti, atakuta katika maelezo hayo hayo anasema kwamba mji huo umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa nyasi. Maneno hayo makala nyingi huyaacha. Na magofu ya Kilwa je? Neville Chittick, aliyechimbua huko kuanzia miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1974, alieleza habari za Msikiti Mkuu wa mawe na jumba la Husuni Kubwa lililokuwa na vyumba zaidi ya mia. Basi ama msafiri alisahau, ama aliona mitaa ya watu wa kawaida na kuisahau ya wakubwa, ama aliyenakili alikosea. Ibn Battuta alisimulia safari zake akiwa Morocco, na kitabu kikamalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya kuondoka Kilwa. Mwalimu atakayewawekea wanafunzi wake maneno ya msafiri upande mmoja na picha ya kuta upande wa pili, kisha akawaachia wabishane, atakuwa amewafundisha historia kwa saa moja zaidi ya alivyowafundisha kwa muhula mzima wa kukariri.

Mfano wa pili ni tarehe ya Kilwa yenyewe, yaani ile habari ya wafalme wake. Iko katika sura mbili. Moja ni ya Kiarabu. Nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877, ikapelekwa London na Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, na ikachapishwa huko mwaka 1895. Ya pili imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552. Mbili hizi hazipatani juu ya majina ya wafalme, mfuatano wao wala miaka waliyotawala. Makala ya intaneti inayotoa orodha moja ya masultani wa Kilwa, imenyooka kama rejista ya darasa, imekwisha kuchagua upande bila kumwambia msomaji. Ile habari ya kisiwa kununuliwa kwa nguo za kukizungushia ni ya tarehe hiyo, nayo ni nzuri mno kufundishia, mradi mwanafunzi aelezwe inatoka wapi.

Na anayetaka fahari asihangaike kwenda Wessel. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, mwenyeji yule yule wa Ibn Battuta, ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, bara kabisa, mahali ambapo njia ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa inajulikana. Sarafu moja hiyo ina uzito kuliko zile tano. Kwa walimu wanaotafuta maelezo mapana, juzuu nane za Historia Kuu ya Afrika zilizotolewa na UNESCO zinasomwa bure katika intaneti. Juzuu ya nne, iliyohaririwa na D. T. Niane, ina sura nzima juu ya ustaarabu wa Waswahili.

Lakini kuna historia ambayo mtu ataitafuta katika intaneti asiione, na hapo watumishi wa umma wanaguswa kuliko walimu. Iko hazina ya kumbukumbu iitwayo Slave Voyages, yenye habari za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa zilizovuka Atlantiki.  Jina la meli, la nahodha, bandari, idadi ya watu waliopakiwa na ya waliofika hai, yote yamo, kwa sababu makarani wa Lisbon, Liverpool na Nantes waliandika na karatasi zao zikatunzwa. Majahazi yaliyobeba watu kutoka Kilwa Kivinje hayana hesabu ya namna hiyo. Kijana anayesoma historia kwa simu anaweza kudhani kwamba penye takwimu nyingi ndipo palipokuwa na maumivu mengi. Kumbe alichokiona ni bidii ya makarani.

Makarani wa leo ni nyinyi. Daftari la matukio la shule, muhtasari wa kikao cha serikali ya kijiji, faili la mgogoro wa shamba lililomo katika kabati lenye mchwa, kesho ndivyo vitakavyotafutwa, na kisichokuwapo kwenye karatasi hakiwezi kupigwa picha kikatiwa katika intaneti. Hata sarafu ni hivyo. Watu wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara huziokota ufukoni mpaka leo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayeokota kitu cha kale atoe taarifa, lakini mtoto hupeleka alichookota kwa mtu anayemfahamu, na mara nyingi mtu huyo ni mwalimu wake. Sarafu ikifika mezani, kabla ya kuisafisha na kabla ya kumpigia simu mtu yeyote, iandikwe: nani ameiokota, siku gani, hatua ngapi kutoka kwenye mti au ukuta upi, juu ya mchanga au chini yake, na pamoja na kitu gani kingine. Maurie Isenberg aliweza tu kutia alama ya X katika ramani, nayo akaitia akikumbuka miaka ya nyuma. Msafara wa 2013 ulikwenda hadi Wessel ukiifuata alama hiyo.