Alama Zako Zinasema Nini? Kulinda ubora wa masomo ya S5 na S6

(Muziki wa kufungua, sekunde 10. Unashuka polepole.)

  

Leo nina swali moja kwako wewe uliye S5 au S6. Ulipopewa ripoti ya muhula uliopita, uliifanya nini? Wengi wetu tunatazama alama, tunafurahi au tunanuna, kisha karatasi inakwenda chini ya godoro. Mimi pia nilifanya hivyo, na ilinigharimu.

Nilisoma Historia, Uchumi na Jiografia. Katika S5, ripoti yangu ilionyesha 78 kwa Uchumi. Mama aliionyesha kwa majirani. Muhula wa pili wa S6 tukafanya mtihani wa majaribio uliotungwa nje ya shule yetu. Uchumi nikapata 41. Nilidhani wamekosea jina.

Hawakukosea. Maswali ya mitihani yetu ya ndani yalikuwa yaleyale tuliyofanya darasani. Nilikuwa nimekariri majibu, na ile 78 ilikuwa ya kumbukumbu yangu tu. Sisemi haya kumlaumu mwalimu. Alikuwa na darasa kubwa na vitabu vichache. Lakini alama ya kubembeleza ni kama mzani mbovu sokoni: unarudi nyumbani na furaha, ukipika unakuta chakula hakitoshi.

Tukumbuke kwa nini jambo hili ni zito. Katika mtihani wa UNEB wa kumaliza S6, una masomo makuu matatu, pamoja na Jenero Pepa, na hisabati ndogo au kompyuta. Kwa somo kuu, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. O ni pointi 1 tu na haihesabiwi kuwa ufaulu wa somo kuu. F haina pointi. Yale masomo madogo mawili yanaleta pointi 1 kila moja. Jumla ya juu kabisa ni 20. Ili uingie chuo kikuu kwa cheti hiki, unahitaji kufaulu angalau masomo makuu mawili. Kwa hiyo kati ya E na O kuna mlango. Na kwa mkimbizi anayetafuta ufadhili kama ule wa DAFI, mlango huo ni mwembamba zaidi, kwa kuwa waombaji ni wengi.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Sasa nikueleze nilichofanya baada ya ile 41. Nilichukua daftari, nikachora safu tatu. Safu ya kwanza: mada ya swali. Ya pili: alama nilizopata kati ya alama zilizowekwa. Ya tatu: kwa nini nilikosa. Nilijilazimisha kuchagua sababu moja kwa kila swali: sikufundishwa, sikuelewa, niliharakisha, au sikuelewa Kiingereza cha swali. Sisi tuliotoka kwenye shule za Kifaransa tunaijua hiyo ya mwisho.

Nikaona kitu. Mfumuko wa bei nilifanya vizuri. Pato la taifa, karibu sifuri. Biashara ya nje, karibu sifuri. Nikafungua notisi zangu kuangalia tarehe. Notisi zilikuwa kamili na safi, lakini za mada hizo zote nilinakili kwa rafiki yangu. Zilifundishwa siku za mgao wa chakula, na mimi ndiye niliyekuwa nikipanga foleni, kwa sababu Mama alikuwa na mtoto mchanga.

Nilimpelekea mwalimu daftari lile. Alilisoma kimya. Kisha akafungua rejista, akakuta wenzangu 11 hawakuwepo siku zilezile. Tangu hapo, siku za mgao hakuanzisha mada mpya. Alizitumia kwa marudio. Mwishoni nilipata D ya Uchumi. Si alama ya kupigiwa vigelegele, lakini ilikuwa ya kweli, na ilihesabika.

Ndugu mwanafunzi, hilo daftari halina gharama. Lianze wiki hii. Usiandike tu "nimefeli". Andika umefeli wapi na kwa nini. Aliyeharakisha anahitaji kufanya mazoezi kwa saa. Asiyeelewa anahitaji kufundishwa upya. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

Walimu wetu, tunawaheshimu na tunajua mnabeba mengi. Tunawaomba mambo matatu. Andikeni mwongozo wa kusahihisha kabla ya mtihani kufanywa. Badilishaneni karatasi chache: walimu wawili wasahihishe karatasi ileile bila mmoja kuona alama za mwenzake. Zikipishana sana, kaeni mzungumze. Na alama zisomwe pamoja na rejista ya mahudhurio, maana darasa likianguka mada moja lote, tatizo huenda si wanafunzi.

Kuna jambo lingine, nalisema kwa upole. Alama zisitumiwe kumfukuza aliye dhaifu ili wastani wa shule upendeze. Wala zisibandikwe ukutani pamoja na majina ili mtu achekwe. Wapo wasichana walioona majina yao mwisho wa orodha na hawakurudi tena. Wastani ulipanda, lakini shule haikuwa imefundisha zaidi.

Wazazi, hata kama hukusoma, siku ya kutembelea shule unaweza kuuliza maswali mawili: "Mwanangu anakwama kwenye mada gani? Na amekosa siku ngapi?" Kama anakosa kwa sababu ya foleni ya chakula au maji, kaeni kama familia mgawane zamu. Isiwe kila mara mtoto yuleyule.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ni heri tuone 41 mapema, tukiwa bado tuna muda wa kuirekebisha.

Leo jioni toa ile ripoti chini ya godoro. Isome upya, na kalamu mkononi. Mimi nakuaga hapa. Tusikilizane wiki ijayo, na amani iwe nanyi.

(Muziki wa kufunga.)