Sauti Tatu Chini ya Dari ya Mkunazini



Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilifunga soko la watumwa la Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa pale pale jiwe la msingi la kanisa. Na dari ambayo Askofu Edward Steere aliliezekea, ya matumbawe na saruji, iliyopinda kama mtumbwi uliofudikizwa, na ambayo yasimuliwa kuwa wengi mjini walikuwa na yakini itaanguka, ndiyo iliyonitia katika maudhui ya jioni hii. Chini yake sauti haiondoki upesi. Hukaa hewani ikaingoja ya pili.

Muziki wa kuimbwa na wachache, bila chombo, ambao Palestrina aliutunga Roma na Byrd Uingereza katika karne ya 16, waitaka dari ya namna hiyo. Byrd alikuwa Mkatoliki katika nchi iliyoiharimisha ibada yake, na baina ya 1592 na 1595 alizipiga chapa misa tatu, za sauti tatu, nne na tano, bila ukurasa wa jina, zikaimbwa faraghani majumbani. Wala waimbaji hawakuwa na daftari lenye sauti zote pamoja: kila mmoja alishika kitabu cha sauti yake peke yake, hata asiyemsikiliza jirani yake hakuweza kujua yupo wapi.

Mpenzi wa taarabu, aliyelelewa na Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, amezoea lahani moja ambayo mwimbaji, fidla na kanuni huiandama pamoja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake. Katika muziki wa Palestrina na Byrd kila sauti ina njia yake, na hakuna iliyo mtumishi wa nyingine. Tofauti hiyo ni kubwa, nami siipuuzi. Lakini sikio ni lile lile. Katika piano, mi imepandishwa juu ya pale inapotulia yenyewe mbele ya do, kwa takriban sehemu ya saba ya nusu toni, ilhali watu wasio na chombo huishusha mpaka itulie. Na nani atakayeisikia tofauti ndogo kama hiyo upesi kuliko mtu aliyekua na maqam ya Rast, ambamo mi hukaa chini zaidi, mahali pasipo na kibonye chochote cha piano?

Kwa hiyo yanihuzunisha kuona kwaya ikikusanya watu sitini, kisha ikawafunika kwa kinanda na vipaza sauti, kana kwamba twaogopa kusikiana. Simwombi Muislamu aimbe ibada isiyo yake. Namwomba aje asikilize. Na walimu wa kwaya nawasihi wakizime kinanda, wawape waimbaji karatasi za sauti zao tu, na waanze na ile misa ya sauti tatu, maana watu watatu hawakosekani katika mtaa wowote wa mji huu.