Nusu kaputi bila mofini

Msikilizaji, mtu mnene anayefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo huingia chumba cha upasuaji na hatari ya ziada: watu wanene wengi hukoroma na pumzi huwakatika usingizini. Mofini na fentanili hutuliza maumivu, lakini hudhoofisha upumuaji na huleta kichefuchefu. Kwa tumbo lililoshonwa leo, kutapika si jambo dogo.

Ndiyo maana baadhi ya madaktari wa usingizi huziacha dawa hizo na kuchanganya nyingine: ketamini, lidokeini na deksimedetomidini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, kwa wagonjwa 119, ulionyesha waliopata kichefuchefu au kutapika wakipungua kutoka asilimia 37 hadi 20. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini nchini Ufaransa, jaribio la deksimedetomidini katika upasuaji wa aina mbalimbali, lililochapishwa 2021, lilisitishwa mapema kwa sababu mapigo ya moyo ya wagonjwa 5 yalishuka mno.

Kupunguza mofini naunga mkono. Kuipiga marufuku, hapana. Nawe unayesubiri upasuaji, usimfiche daktari wa usingizi kwamba unakoroma.